Hakuna Kipimo cha Damu ya Daudi

Swali limenifuata tena hadi Bandari ya Bujumbura, na safari hii limekuja na hoja. Masharifu wa Lamu na Zanzibar, naambiwa, wana shajara zinazopanda kizazi kwa kizazi hadi kwa Mtume. Basi ukoo wa Yesu nao lazima upo mahali, na kipimo cha DNA kitauonyesha. Makarani wa mizigo huniuliza, madereva wa malori huniuliza, wanaongoja chombo cha Kigoma huniuliza. Wengine wameshaambiwa na mhubiri kuwa wao ndio kizazi cha Daudi, na kwangu wanataka muhuri tu. Mimi ni mwanahistoria wa Kanisa. Muhuri huo sina, wala hakuna aliye nao.

Nianze na kipimo, maana ndicho kinachowala watu pesa. Kupima DNA ni kulinganisha. Maabara huchukua mate yako na kuyalinganisha na sampuli za watu wengine wanaojulikana. Ili ikuambie kwamba wewe ni wa Daudi, au wa jamaa ya Yusufu na Mariamu, ni lazima kwanza iwe na mfupa au jino la mmoja wao. Hakuna maabara duniani yenye kitu hicho. Anayekuuzia jibu anakuuzia hewa.

Hapo hutajiwa Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini. Ni kweli, utafiti wa mwaka 2000 ulikuta kwa baadhi ya wanaume wao alama ya kromosomu Y inayoonekana sana kwa makuhani wa Kiyahudi. Lakini alama hiyo husema tu kwamba wanaume fulani wana babu mmoja wa mbali. Jina la babu huyo haliandikwi ndani ya damu.

Kisha fanyeni hesabu. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, waliowazaa hao 8. Ukirudi nyuma vizazi 30, nafasi za wahenga wako zinapita bilioni 1, na dunia ya wakati ule haikuwa na hata nusu bilioni ya watu. Maana yake watu walewale wanajirudia katika nasaba yako, na katika ya jirani yako pia. Kutoka enzi za Herode hadi leo ni vizazi kama 70. Mtu wa siku zile ama hana mzao hata mmoja leo, ama ni mhenga wa umati usiohesabika. Kwa vyovyote vile, kuwa mzao wake si cheo.

Jamaa ya Yesu ilikuwepo, na habari zake tunazo. Mwanahistoria Eusebio wa Kaisaria, akimnukuu mwandishi Hegesipo, anasimulia kwamba wajukuu wa Yuda, nduguye Bwana, walipelekwa mbele ya Kaisari Domitiano, aliyetawala mwaka 81 hadi 96, kwa kuwa walikuwa wa ukoo wa Daudi. Waliulizwa mali yao. Wakataja shamba la thamani ya dinari 9,000 kwa wote wawili, wakaonyesha mikono yenye sugu za jembe. Kaisari akawaona wanyonge, akawaachia. Mwanzoni mwa karne ya 3 mwandishi Julius Africanus bado aliwataja watu wa jamaa hiyo, wenye asili ya Nazareti na Kokaba. Baada ya hapo uzi unakatika. Masharifu walitunza shajara kwa sababu heshima ya ukoo iliendelea kutegemea damu. Kanisa liliwapa uaskofu watu wasio na udugu wowote na Yesu, na shajara ikakosa mtunzaji. Hata Mathayo na Luka hawampi Yusufu baba mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kwetu Maziwa Makuu jambo hili si burudani. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke, Mwingereza, alifika Karagwe na kumweleza mfalme Rumanika kwamba ukoo wake unatoka Uhabeshi, yaani Ethiopia, hadi kwa mfalme Daudi. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na Biblia na dhana yake. Dhana hiyo aliichapisha mwaka 1863, na wakoloni wakaifanya somo la shule: Watutsi na Wahima ni wageni bora kutoka kaskazini. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wa chama chake kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha. Anayepambwa leo kwa ukoo wa ng'ambo, kesho huambiwa arudi kwao. Mhubiri anayegawa nasaba ya Daudi Bujumbura, kwa kabila lolote lile, anachezea moto uliokwisha kutuunguza.

Mnaotaka nasaba ya kweli, fanyeni hivi. Kaeni na wazee kabla hawajaondoka. Andikeni majina, vilima na wakwe. Nendeni parokiani: daftari la ubatizo lina majina ya wazazi na msimamizi, na pembeni huandikwa ndoa. Misheni ya Muyaga ilianzishwa 1898, ya Mugera 1899, kwa hiyo familia nyingi zinaweza kupanda vizazi vinne au vitano. Kumbukumbu za Mapadri Weupe, walioanzisha misheni hizo, ziko Roma. Watu wa mtaa wa Buyenzi, ulizeni Ujiji na Manyema kabla ya Uarabuni. Kipimo cha DNA nacho kina kazi yake, nayo ni kuthibitisha jamaa wa karibu: mzazi, mtoto, ndugu. Mauaji ya 1972 na vita vilivyoanza 1993 vilitenganisha familia kwenye ziwa hilihili la Tanganyika, na mwaka 2015 MV Liemba ikabeba wakimbizi wengine kutoka Kagunga hadi Kigoma. Wengi bado wanatafutana. Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana, nayo ni bure. Nendeni na jina la mzazi, jina la kilima na mwaka mlioachana. Hayo matatu yanatosha kuanzia.