MDUR 88: doriani lililozalishwa kukabili ugonjwa wa shina

Nchini Malaysia doriani haliuzwi kama doriani tu. Mteja anayefika kwenye kibanda cha matunda wakati wa msimu hutaja aina anayoitaka kwa jina au kwa namba, na bei hubadilika kwa kufuata jibu lake. Musang King ndiyo inayotafutwa zaidi, na D24 bado ina wapenzi wake, hasa miongoni mwa watu wazima waliolizoea kabla ya Musang King kutamba. Wanaoulizia D190 ni wachache, ilhali aina hiyo, ambayo wataalamu huiita MDUR 88, ndiyo iliyozalishwa kwa makusudi ili kupunguza hasara inayowaumiza wakulima wa zao hilo kuliko nyingine zote.

Herufi D iliyo mbele ya namba hizo inatokana na daftari la Idara ya Kilimo ya Malaysia, lililoanza kuorodhesha aina za doriani katika miaka ya 1930. Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Mti unaoonekana kuwa na matunda bora huchunguzwa umbo la tunda, rangi na unene wa nyama, ukubwa wa kokwa, ladha na tabia ya mti wenyewe, kisha ukikubalika hupewa namba inayofuata. D24 iliingia mwaka 1937. Musang King iliandikwa mwaka 1993 kama D197, kwa jina la Raja Kunyit, na D200 iliandikwa mwaka 2015. Kupewa namba hakumpi mtu umiliki wa aina hiyo. Kazi yake ni utambulisho, ili mkulima anayenunua mche ajue anachokinunua. Namba zimekwishapita 200, lakini nyingi zimebaki katika daftari tu, na miti yake haipandwi tena kwa wingi.

Karibu zote zilipatikana kwa bahati. Mti uliota kutokana na kokwa kwenye bustani ya mtu, majirani wakasifu matunda yake, vikonyo vikachukuliwa na kubebeshwa kwenye miche mingine, na jina likaenea. MDUR 88 haikupatikana hivyo. Ni chotara iliyozalishwa na Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Kilimo ya Malaysia, MARDI, kwa kuchanganya aina mbili za zamani, D10 na D24. Ilisajiliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya ndugu zake wawili, MDUR 78 na MDUR 79, ambao ni D188 na D189.

Sababu ya kuifanya kazi hiyo ilikuwa D24 yenyewe. Kwa ladha, D24 lilikuwa kipimo cha ubora: nyama laini, tamu, yenye uchungu kidogo unaopendwa na walaji. Kwa afya, mti wake ni dhaifu. Hushambuliwa kwa urahisi na Phytophthora palmivora, kiumbe kidogo kinachofanana na kuvu ambacho huishi udongoni na kusafiri kwa maji. Mvua kubwa inaponyesha, matone hurusha udongo kwenye shina. Vimelea huingia kwenye gome na kuanza kulila. Dalili ya kwanza huwa doa lenye unyevu karibu na chini ya mti, likitoa utomvu wa rangi ya kahawia. Gome likikwanguliwa hapo, tishu za ndani huonekana zimegeuka rangi na kuoza. Baadaye majani hupauka na kudondoka, matawi hukauka kuanzia nchani, na kidonda kikizunguka shina lote, mti hufa. Kiumbe hichohicho huozesha matunda, na huua pia minazi na kuharibu kakao, zao ambalo wakulima wa Kyela mkoani Mbeya wanalifahamu vyema.

Uzito wa hasara hiyo unaonekana mtu akihesabu miaka. Mdoriani uliobebeshwa huchukua takriban miaka minne hadi sita kabla ya kuanza kuzaa, na ule uliooteshwa kwa mbegu huweza kuvuka miaka kumi. Mkulima anayepoteza mti wa miaka kumi na miwili amepoteza miaka aliyoutunza bila mapato, na miaka mingine kama hiyo inamsubiri mbele. Shamba la mpunga lililoharibika hupandwa tena msimu unaofuata. La midoriani haliko hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo uzalishaji wa chotara za doriani ni kazi ya subira. Ua la doriani hufunguka jioni na kunyauka kabla ya siku inayofuata kwisha. Katika hali ya kawaida popo wanaofuata nekta ndio wanaohamisha chavua usiku. Mtafiti hulazimika kupanda mtini, kuondoa stameni za ua kabla hazijamwaga chavua, kupaka chavua ya mti mwingine kwa brashi, na kulifunika ua ili popo wasije wakaharibu hesabu. Kokwa zinazopatikana huoteshwa, na kila mche huwa tofauti na mwenziwe. Ndipo kusubiri kunapoanza, kwa kuwa ladha haiwezi kupimwa mpaka mti uzae, na uvumilivu wa ugonjwa hauaminiki mpaka miti ikae shambani kwa misimu mingi ya mvua. Miche mingi huishia kukataliwa.

Aina ya MDUR 88 ilivuka vipimo hivyo. Nyama yake ni nene, ya rangi ya dhahabu, na mti wake huvumilia vidonda vya shina kuliko D24. Neno “huvumilia” linastahili kuzingatiwa. Halimaanishi kinga kamili, na mkulima aliyepanda aina hii kwenye bonde linalotuama maji bado anaweza kuipoteza. Mifereji ya kutoa maji, kupogoa matawi ya chini ili upepo upite, kuacha nafasi kati ya matandazo na shina, na kuchoma shina sindano ya dawa ya fosfonati pale kidonda kinapoonekana mapema, yote hayo hubaki ya lazima.

Kwa nini basi halijulikani? Jibu kubwa liko sokoni. Miaka michache baada ya chotara hizo kutoka, Musang King ilianza kupanda chati, na umaarufu wake ukaongezeka kadiri China ilivyofungua milango. Malaysia iliruhusiwa kupeleka huko nyama ya doriani iliyogandishwa mwaka 2011, madoriani mazima yaliyogandishwa mwaka 2019, na mabichi mwaka 2024. Mnunuzi wa mbali hununua jina alilolisikia. Musang King ina jina lenye mvuto: “musang” ni fungo kwa Kimalay, na Gua Musang, yaani Pango la Fungo, ni mji wa Kelantan unaohusishwa na aina hiyo. MDUR 88 inasikika kama namba ya gari. Wakulima wengi wamekata miti ya aina nyingine au kuibebesha upya vikonyo vya Musang King, ambayo nayo haina kinga ya kutegemewa dhidi ya Phytophthora. Uamuzi huo unaeleweka kwa mwenye deni la kulipa, lakini unakusanya hatari sehemu moja. Tena midoriani mingi haijichavushi yenyewe vizuri. Shamba la aina moja tupu huweza kutoa maua tele na matunda machache, na ndiyo sababu wataalamu hushauri kuchanganya aina zinazochanua wakati mmoja.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, tunda hili si geni kabisa. Unguja huliita doriani, jina lililotoka kwenye Kimalay “duri”, yaani mwiba, na msimu wake ukifika huuzwa Darajani na kando ya barabara za mashamba, likigawa watu kati ya wanaolipenda na wanaoomba lisiingizwe ndani ya gari. Hata jina lake la kisayansi, Durio zibethinus, lina jamaa katika Kiswahili: limetokana na neno lilelile la Kiarabu lililozaa “zabadi”, manukato ya fungo.

Midoriani ya Zanzibar kwa kawaida huoteshwa kwa mbegu, hivyo kila mti una tunda lake. Mwenye mti mtamu hana uhakika kwamba kokwa zake zitatoa mti mtamu. Njia ya kuuhifadhi ni ileile iliyotumika Malaysia kabla ya maabara: kuuchunguza kwa misimu kadhaa, kuuwekea alama, na kubebesha vikonyo vyake kwenye miche. Kuagiza miche ya nje, MDUR 88 ikiwamo, ni jambo jingine. Vimelea vya Phytophthora husafiri ndani ya udongo wa viriba na kwenye mizizi bila dalili yoyote juu, kwa hiyo mche unaoingizwa nchini unahitaji kibali kabla ya kuagizwa, cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, na muda wa karantini chini ya uangalizi kabla ya kugusa shamba la mkulima.