Raha ya Usukani Haimo Kwenye Kasi

Februari 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Mazda ilizindua MX-5, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai na injini ya lita 1.6. Nguvu zake hazikuzidi farasi 120, na hata kwa wakati ule hizo hazikuwa nguvu za kumtisha mtu. Lakini kufikia 2016 magari milioni moja ya aina hiyo yalikuwa yameshatoka kiwandani, na hakuna gari la spoti la viti viwili lenye paa la kufunguka lililowahi kuuzwa zaidi yake duniani. Wanunuzi hao hawakufuata kasi, maana waliotaka kasi walikuwa na magari mengi ya kuchagua.

Walichofuata kinaanzia kwenye uzito. MX-5 ya kwanza, ile iliyouzwa Japani, ilikuwa na kilo 940 hivi. Harrier ya mwaka 2003 tunayoiona kila siku Dar es Salaam inapita kilo 1,500. Ukikata usukani, uzito wote huo unataka kuendelea ulikokuwa unakwenda, na ni tairi nne tu zinazoulazimisha ugeuke. Gari jepesi hutii upesi, halisiti.

Tena si wingi wa kilo peke yake. Mahali zilipokaa napo pana maana kubwa. Mazda waliisogeza injini nyuma ya ekseli ya mbele, mpaka ekseli mbili zikagawana uzito karibu nusu kwa nusu. Mzigo uliokaa katikati ya gari huzungushwa kwa urahisi. Uliosogea mwishoni huleta ukaidi. Dereva wa Probox aliyewahi kurundika magunia mlango wa nyuma anajua habari hii bila kufundishwa: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye kona mkia unachelewa, halafu unavuta.

Kisha kuna usukani wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye siri kubwa.

Tairi za mbele zimepangwa ili zijirudishe zenyewe kwenye mstari. Ndiyo maana ukitoka kwenye kona na kulegeza mikono, usukani unajirudi. Nguvu hiyo ya kurudi ndiyo unayoisikia viganjani. Unavyozidi kuikunja kona, inaongezeka na usukani unakuwa mzito. Lakini tairi ikikaribia mwisho wa uwezo wake, kile kipande kidogo cha mpira kinachogusa lami huanza kuteleza kwa upande wake wa nyuma, huku upande wa mbele ukiwa bado umeshika. Hapo nguvu ya kurudi hupungua, na hupungua kabla tairi yenyewe haijaachia. Dereva makini anasikia usukani umelegea kidogo tu, na anajua kwamba barabara imempa onyo. Anapunguza mwendo, gari linatulia, safari inaendelea.

Gari linalofikisha onyo hilo mapema na kwa uwazi ndilo gari la raha. Na hapo raha na usalama ni kitu kimoja.

Magari mengi ya sasa yanatumia usukani wa umeme badala ya ule wa pampu ya mafuta. Faida ipo: mota hufanya kazi pale tu dereva anapogeuza, kwa hiyo petroli inaokolewa. Ila kompyuta ikipangwa vibaya, ujumbe wa barabara unachujwa hadi unapotea. Wanunuzi wengi husifu usukani wa kugeuzwa kwa kidole kimoja. Kwa kutafuta maegesho Kariakoo, sawa. Kwa kuteremka kutoka Lushoto, mimi siutaki. Hata hivyo MX-5 ya kizazi cha nne nayo inatumia umeme na bado inasifiwa, kwa hiyo lawama ni za upangaji, si za mota.

Barabara hiyo ya Mombo hadi Lushoto ni shule nzuri. Ni zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande wa pili. Huwezi kwenda mbio, na hupaswi kujaribu. Kwa mwendo wa 40 tu, Mazda Demio iliyotunzwa itakuonyesha yote. Ukikanyaga breki kabla ya kona, uzito unahamia mbele na tairi za mbele zinakandamizwa kwenye lami. Ukiachia breki taratibu huku unaanza kukata usukani, pua inaingia yenyewe. Ukiachia ghafla, pua inainuka na gari linataka kunyoosha. Mwaka 2016 Mazda walianza kuipa Axela programu inayopunguza nguvu ya injini kidogo mno kila dereva anapokata usukani, ili uzito usogee mbele kwa namna hiyo hiyo.

Demio naitaja kwa makusudi. Ile ya 2007 ilipunguzwa kilo 100 hivi ikilinganishwa na iliyoitangulia, na mwaka 2008 ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Dunia. Ni gari la bei ya watu wa kawaida.

Toyota nao waliona kwamba raha haimo kwenye kasi walipotoa gari la 86 mwaka 2012 kwa kushirikiana na Subaru. Waliifunga tairi za aina inayofungwa kwenye Prius, si tairi pana za mashindano. Walitaka dereva asikie mwanzo wa kuteleza akiwa kwenye mwendo wa kibinadamu. Tairi pana sana hushika, hushika, kisha huachia ukiwa umeshafika mwendo wa hatari.

Kuhusu gia sina mengi. Katika gari nyingi za CVT, yaani gia zisizo na hatua, ukikanyaga mafuta sauti ya injini inapanda kwanza, gari linafuata baadaye, na mguu unakosa jibu lake. MX-5 ina fremu ya aluminiamu inayounganisha giaboksi na difu, kwa hiyo ukigusa mafuta tu, tairi za nyuma zinaitika.

Basi kama una Demio, Vitz au Impreza na unatamani kuifurahia zaidi, usikimbilie rimu kubwa. Zinaongeza uzito palepale springi zinapohangaika, na tairi zake zenye ukuta mfupi hazina cha kupunguzia kishindo cha shimo. Pesa hiyo mpe fundi abadilishe bushi na boljointi zilizochoka, aweke shokapu nzuri, apime alaimenti. Upepo ujaze kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Na ukienda kununua gari, usiridhike kulizungusha ndani ya yadi: omba barabara yenye kona, zima redio, shika usukani kwa mikono miwili. Likikaa kimya mpaka mwisho, tafuta lingine.