Mchango wa Vijana: Kiongozi Alipwe Ngapi, na Nani Aamue?

Michango ya vijana haina msimu. Wiki hii ni timu ya mpira inayotafuta nauli ya kwenda mashindano, wiki ijayo ni kwaya ya vijana wa kanisa, mwezi ujao ni kikundi kinachotaka kompyuta za maktaba ya mtaa. Wengi wetu hatuulizi mengi. Tunatuma mia mbili, mia tano au elfu moja, tunabandika ile SMS ya uthibitisho kwenye grupu, jina linaandikwa kwenye orodha, basi, tumemaliza.

Lakini kuna swali moja ambalo likiulizwa tu, grupu nzima hunyamaza: kati ya hizi pesa, kiongozi anachukua ngapi?

Wengine huona kuuliza hivyo ni kumkosea mtu heshima, hasa kama ni mtu anayejitolea kwa watoto wa mtaa. Wengine wanaamini kiongozi wa vijana hafai kulipwa hata shilingi. Pande zote mbili zina hoja, na mjadala huu si wa Kenya peke yake. Moja ya kesi zilizozua kelele nyingi zaidi ilitokea Marekani, na ina mafunzo kwa yeyote anayechanga au kuchangisha kwa simu.

Yaliyotokea Marekani mwaka wa 2010

Boys & Girls Clubs of America ni shirika la vijana lenye historia ndefu. Klabu ya kwanza ilianza Hartford, Connecticut, mwaka wa 1860, na mwaka wa 1906 klabu mbalimbali ziliungana kuwa shirikisho moja. Ni mahali ambapo mtoto huenda baada ya shule kufanya homuwaki, kucheza na kuwa salama hadi mzazi atoke kazini. Mwigizaji Denzel Washington alilelewa kwenye klabu moja ya Mount Vernon, New York, na amekuwa akilipigia debe shirika hilo kwa miaka mingi.

Mwezi wa Machi 2010, Bunge la Seneti lilikuwa likizungumzia mswada wa kulipa shirika hilo dola milioni 425 za serikali kwa miaka 5. Maseneta wanne wa chama cha Republican, Chuck Grassley, Tom Coburn, Jon Kyl na John Cornyn, wakasema ngoja kwanza. Walikuwa wamepitia fomu za kodi za shirika. Fomu hizo zilionyesha kwamba mwaka wa 2008 mkurugenzi mkuu, Roxanne Spillett, alipata malipo ya jumla ya karibu dola milioni 1. Zaidi ya dola milioni 4 zilikuwa zimetumika kwa usafiri. Na wakati huohuo baadhi ya klabu za mitaani zilikuwa zinafungwa kwa kukosa pesa.

Swali la maseneta lilikuwa rahisi: kama mtoto anafungiwa mlango wa klabu, kwa nini makao makuu yanalipa hivyo?

Shirika nalo lilijibu. Karibu nusu ya ile hela haikuwa mshahara wa mwaka ule, bali pensheni na marupurupu mengine, na pensheni hiyo ilikuwa ya kufidia miaka ya nyuma. Bodi ilisema malipo yalilinganishwa na ya mashirika mengine ya ukubwa huo, na kwamba mkurugenzi huyo alikuwa ameleta pesa nyingi kwa klabu katika miaka yake ya uongozi. Tena, klabu za mitaani zinajitegemea. Kila moja ina bodi yake na inatafuta pesa zake.

Maelezo hayo yana uzito. Lakini mwananchi aliyetoa dola 20 akidhani ananunua mpira na vitabu hakuwa ameambiwa mapema, na hapo ndipo hasira ilipotoka.

Hoja ya wanaosema kiongozi alipwe

Kuendesha shirika la vijana ni kazi. Kuna kulipa kodi ya ukumbi, kuandika ripoti, kuhakikisha watu wazima wanaokaa na watoto wamechunguzwa, na kubisha milango ya wafadhili. Ukimlipa vibaya anayefanya hayo, ataondoka akatafute riziki kwingine, na mradi utakufa naye.

Mwaka wa 2013, mashirika matatu ya Marekani yanayopima mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yalitoa barua ya pamoja kwa wachangiaji. Yaliwaambia wasipime shirika kwa kuangalia tu asilimia inayoenda kwa mishahara na ofisi. Shirika linaweza kutumia pesa kidogo sana ofisini na bado lisimsaidie mtoto yeyote.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme timu ya mtaa inachangisha shilingi 400,000 kwa mwaka. Kocha analipwa 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 45 ya mchango wote. Ukisikia hivyo tu, utasema tumeibiwa. Lakini kama kocha huyo yuko uwanjani siku sita kwa wiki na watoto 60, anafuatilia wanaokosa shule, na hana kazi nyingine, huo mshahara ndio mradi wenyewe. Mipira bila kocha itakaa kwenye gunia.

Hoja ya wanaouliza maswali

Upande wa pili hausemi watu wafanye kazi bure. Unasema pesa ya mchango si kama pesa ya biashara. Mteja wa duka akiona bei imezidi, anaenda duka jirani. Mchangiaji hana njia hiyo. Ametuma, ameamini, na anayefaidika ni mtoto ambaye hajui hata kiasi kilichochangwa. Kwa hivyo anayeshika pesa hiyo ana deni la kueleza.

Kuna pia suala la kulingana. Ikiwa timu inakosa viatu huku mwenyekiti anaongezewa posho, hata kama kila shilingi imeandikwa kitabuni, wanachama watavunjika moyo, na mwaka ujao mchango hautaingia.

Hapa kwetu: malipo yasiyo na jina

Kenya imejengwa kwa harambee. Neno lenyewe liko kwenye nembo ya taifa. Lakini katika vikundi vingi vya vijana, mambo ya malipo ya viongozi hayazungumzwi wazi. Kwenye karatasi, viongozi wote wanajitolea. Kwa vitendo, kuna "nauli", "airtime", "chai ya wageni" na "kufuatilia mambo ofisini". Hakuna aliyeamua kiasi, na hakuna risiti.

Hapo ndipo pesa hupotelea, na si lazima kiongozi awe mwizi. Mtu anafanya kazi kweli, hana kipato, anaona haki yake kujikatia kidogo. Leo mia tatu, kesho elfu moja. Mwisho wa mwaka hata yeye hajui amechukua ngapi. Kikundi kinagawanyika, watu wanarushiana maneno, na watoto wanabaki bila timu.

Malipo ya wazi ya elfu kumi, yaliyopitishwa na wanachama, ni salama kuliko "nauli" ambazo hazina hesabu. Yanamlinda mchangiaji, na yanamlinda kiongozi pia, kwa sababu hakuna atakayemwita mwizi kwa kupokea alichokubaliwa.

Hatua tatu za kuamua malipo

Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ina utaratibu ambao hata kikundi kidogo kinaweza kuuiga. Shirika la hisani likifuata hatua tatu, malipo ya kiongozi wake huchukuliwa kuwa ya haki mpaka IRS ithibitishe vingine.

1. Uamuzi ufanywe na watu wasiofaidika. Kiongozi anayejadiliwa atoke nje, na jamaa zake wasipige kura.

2. Kuwe na ulinganisho. Ulizeni kikundi kingine cha ukubwa wenu kinamlipa kocha au mratibu ngapi. Angalieni pia mtu wa kazi kama hiyo analipwaje katika mtaa wenu.

3. Uamuzi uandikwe wakati uleule. Kumbukumbu za mkutano zionyeshe nani alikuwepo, kiasi gani kilikubaliwa, kwa muda gani, na kwa nini.

Mashirika ya hisani ya Marekani pia hujaza fomu ya kila mwaka inayoitwa Form 990, ambayo inaonyesha malipo ya viongozi na iko wazi kwa umma. Ndiyo maana maseneta waliweza kuuliza. Kwetu, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inasimamia mashirika makubwa ya aina hii. Vikundi vya mitaani viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na husajiliwa kupitia idara ya maendeleo ya jamii. Lakini usingoje serikali ikuulizie. Kikundi ni chenu, na pesa ni zenu.

Kabla ya kutuma mchango

- Uliza cheti cha usajili. Kikundi kilichosajiliwa hakina sababu ya kukificha.
- Angalia pesa inaenda kwa nani. Paybill au till yenye jina la kikundi ni bora kuliko nambari ya simu ya mtu. Kama ni nambari ya mtu, uliza kwa nini, na ni nani mwingine anaona zinazoingia.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha kutuma. Likiwa tofauti na uliloambiwa, simama hapo. Piga simu kwa kiongozi ukitumia nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe. Matapeli huchukua picha za timu za kweli na kubadilisha nambari tu.
- Uliza nani analipwa, ngapi, na nani alipitisha. Uliza kwa upole, lakini uliza. "Hakuna anayelipwa" ni jibu zuri kama pia wanaweza kukuonyesha nauli na airtime zimetumika vipi.
- Uliza ada ya kutuma inalipwa na nani. Kulingana na jinsi Paybill ilivyopangwa, ada inaweza kutoka kwako, kwa kikundi, au kwa pande zote mbili. Katika michango mingi midogo midogo, ada hizo hujumlika.
- Tunza SMS ya uthibitisho. Ukiwa umetuma kimakosa, omba kurudishiwa mara moja. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kazi inakuwa ngumu.

Kwa wanaochangisha

Mchango ukiingia kwa simu, umejiandika wenyewe: tarehe, saa, jina na kiasi. Hiyo ni faida ambayo daftari la zamani halikuwa nayo. Itumieni vizuri.

Tenganisheni pesa ya kikundi na ya mtu binafsi tangu siku ya kwanza. Mweka hazina akichanganya mchango na hela ya unga kwenye laini moja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hataweza kueleza hesabu yake. Pesa isitolewe na mtu mmoja. Wekeni watu wawili au watatu wanaoidhinisha, na PIN isipitishwe kutoka mkono mmoja hadi mwingine kama ufunguo wa choo.

Kila mwezi, tumeni ripoti fupi kwenye grupu. Si lazima iwe ndefu. Mistari mitano inatosha: zilizoingia, zilizotumika kwa watoto, zilizolipwa kwa viongozi au makocha, ada za kutuma na kutoa, na zilizobaki. Ule mstari wa malipo ya viongozi usifichwe ndani ya "matumizi mengineyo". Kama ni sifuri, andikeni sifuri.

Na mnapoomba mchango, semeni mapema. Ujumbe unaosema "shilingi 60 kati ya kila 100 zitanunua vifaa na nauli, 30 zitamlipa kocha, 10 ni za ukumbi" unaweza kupoteza wachangiaji wawili watatu. Watakaobaki watachanga wakijua, na mwaka ujao watarudi. Lile shirika la Marekani lilikuwa na bodi, lilikuwa na wanasheria, na lilikuwa na maelezo yake. Lakini maelezo yalikuja baada ya watu kuona hesabu wenyewe, na kufikia hapo wengi walikuwa wameshaamua la kuamini.

Kama uko kwenye kikundi ambacho hakijawahi kuzungumzia jambo hili, liwekeni kwenye ajenda ya mkutano ujao. Anzeni na maswali mawili: nani anafanya kazi ambayo tungelazimika kumlipa mtu mwingine kuifanya, na tunaweza kumudu ngapi bila kumnyima mtoto kiatu? Yaandikeni majibu, mtie sahihi, kisha myabandike pale kila mchangiaji atakapoyaona.