Santuri Nzima Ndani ya Faili Moja

Mwandishi wa kale wa Lamu au Pate, alipopewa utenzi aunakili, aliweza kuifanya kazi yake kwa njia mbili: ama ayahamishe maneno peke yake, akiyapanga kwa khati yake katika karatasi za ukubwa aupendao, ama auige kila ukurasa kama ulivyo, pamoja na pambizo zake, nafasi zake tupu, na hata pale wino ulipomwagika. Hiyo ndiyo tofauti iliyopo baina ya kunakili mafaili yaliyomo katika CD na kuichukua taswira ya CD yenyewe, nayo ni tofauti ambayo kutoijua kumewapotezea watu wengi wakati wao, na mara nyingine kumbukumbu zao.

Taswira ya diski ni faili moja, aghalabu lenye jina linaloishia kwa herufi ISO, ambalo ndani yake imehifadhiwa santuri nzima, kipande baada ya kipande, kwa taratibu ile ile iliyokuwamo. Herufi hizo zimetokana na kanuni iitwayo ISO 9660, iliyotolewa mwaka 1988, ambayo asili yake ni mkutano wa makampuni ya kompyuta uliofanyika mwaka 1985 katika hoteli ya High Sierra, karibu na ziwa Tahoe huko Marekani, ili yaafikiane namna moja ya kupanga mafaili katika CD. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, vipande 16 vya mwanzo, kila kimoja cha baiti 2,048, hutengwa kwa matumizi ya mfumo wa kompyuta. Kipande kifuatacho hubeba alama CD001, ambayo ni kama muhuri wa kuijulisha kompyuta kwamba hii ni diski ya namna hiyo. Kisha huja fihirisi ya majina na mahali pa kila faili. Anayenakili mafaili peke yake huyaacha hayo nyuma, na huenda akaiacha pia ile sehemu ambayo kwayo kompyuta huwaka na kuanza kazi.

Nimemwona kijana mmoja, mwenye bidii isiyo na shaka, aliyetaka kuiwekea kompyuta yake mfumo endeshi uitwao Ubuntu. Akalipakua faili la ISO usiku kucha kwa bando la simu, akalitia ndani ya flashi kama atiavyo picha za arusi, na asubuhi akastaajabu kompyuta ilipokataa kuwaka kwa flashi ile. Faili lake lilikuwa zima. Alichokosea ni kulihifadhi kama mzigo uliofungwa, ilhali lilitakiwa kufunguliwa na kutandazwa juu ya flashi nzima. Kazi hiyo hufanywa na programu kama Rufus, ambayo, na hapa msomaji asighafilike, hufuta kwanza kila kitu kilichomo katika flashi. Kadhalika kwa mwenye kuchoma CD au DVD: achague kuchoma taswira, maana akiifungua diski yake baadaye na kukuta faili moja tu la ISO, ajue kuwa amekosea. Na ikiwa haja yake ni kusoma yaliyomo tu, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 inatosha kulibofya faili mara mbili, likatokea kama kwamba diski imetiwa katika kompyuta.

CD za nyimbo zina hukumu yake, kwa kuwa hazina fihirisi ya mafaili hata zikafaa kwa ISO. Taswira yake huwa mafaili mawili: BIN, lichukualo baiti zote 2,352 za kila kipande, na CUE, maandishi mafupi yaelezayo kila wimbo waanzia wapi. Mpenzi wa taarabu asilitupe hilo dogo akidhani halina kazi.

Tahadhari ya mwisho ni ya amana. Mwezi Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, na kuwaelekeza watu kwenye ISO iliyotiwa mlango wa siri. Kwa ajili ya hatari kama hiyo watengenezaji waaminifu hutoa pamoja na faili alama iitwayo SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64, ambayo hugeuka kabisa hata ikibadilika baiti moja. Ilinganishe, tena uichukue kwa mwenye kazi mwenyewe, si kwa mpitishaji.

Nawe uliye na CD za arusi ya wazazi wako, au za sauti ya marehemu akisoma maulidi, fahamu kwamba rangi iliyobeba maandishi ya CD za kuchoma huharibiwa na mwanga na joto. Zitoe kabatini wiki hii, uzichukulie taswira, uhakikishe zinafunguka, kisha uziweke mahali pawili.