Kigingi cha Mpaka



Mtu anayemega shamba la jirani hamegi ekari nzima kwa siku moja. Msimu huu plau inapinda kidogo, linaliwa tuta moja. Msimu ujao, tuta jingine. Baada ya miaka 10 jirani anaona shamba lake limepungua, wala hajui lini aliibiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha dhuluma nacho hujaa vivyo hivyo.

Kipo kijiji kidogo nchini Uingereza kilichoutambua udhaifu huu wa binadamu tangu zamani, kikautafutia dawa. Ni Laxton, katika eneo la Nottinghamshire. Jina lake limo katika kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi na mali iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William. Kilima cha udongo kilichobeba ngome ya mabwana wa enzi hizo bado kipo. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu zimelala sanamu za makaburi ya ukoo wa de Everingham, mojawapo ikiwa ya mbao.

Lakini urithi mkubwa wa Laxton uko shambani. Katika Enzi za Kati vijiji vingi vya Uingereza vililima mashamba makubwa ya wazi. Kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika huku na huku, hivyo udongo mzuri na mbaya uligawanywa kwa wengi. Baadaye, hasa karne ya 18 na 19, mashamba hayo yaligawanywa upya na kuzungushiwa ua, na maskini wengi wakapoteza haki zao za ardhi. Laxton haikuukamilisha mgawanyo huo. Hadi leo imebaki na mashamba matatu ya wazi: la Magharibi, la Kusini na la Kinu.

Kati ya kipande na kipande hakuna ukuta. Ni nini basi kinachomzuia mwenye trekta? Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Novemba, wakulima walioapishwa hulizungukia shamba lililopandwa ngano. Hutazama kila mpaka, na palipoharibika hupigilia vigingi. Aliyeingia kwa jirani, au aliyelima hadi kwenye njia ya wote, huandikwa. Baadaye mahakama ya kijiji hukaa na kumtoza faini. Wakaguzi hao si wageni waliotumwa kutoka mjini. Ni wakulima wa hapo hapo, na vipande vyao wenyewe hukaguliwa pia.

Ndugu yangu, Mungu hakulichukulia jambo hili kuwa dogo. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kuusogeza mpaka wa jirani, na sura ya 27 inatamka laana juu ya afanyaye hivyo. Mithali 22:28 inarudia onyo hilo kuhusu mipaka iliyowekwa na baba zetu. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Nabothi, na tamaa ile ikaishia kwenye damu (1 Wafalme 21).

Wamo kanisani watu wanaokaa benchi moja, wanaoshiriki meza moja ya Bwana, lakini hawasalimiani kwa sababu ya mpaka. Wamo pia waliomega taratibu visivyo ardhi: mshahara wa kijana wa kazi, haki ya mjane wa kaka yao, sadaka waliyokabidhiwa kuitunza. Hakuna aliyeanza na kikubwa.

Tunapenda kusali pamoja na mwandishi wa Zaburi ya 139, tukimwomba Mungu atuchunguze mioyo. Sala hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba Mungu akimtuma jirani kutuonyesha tulipovuka, tunanuna, tunahama jumuiya, tunasema tumeonewa. Wakulima wa Laxton wanatufundisha kwamba mpaka wa haki hulindwa na watu wanaokubali kukaguliwa.

Wiki hii, kabla ya Jumapili nyingine, tembea mpakani mwako. Ukikuta umevuka, usingoje mahakama. Nenda kwa jirani, mwite jina lake, mrudishieni kigingi mahali pake mkiwa wawili.

Jumapili njema.