Kufundisha Kinga ya Mwili kwa Kisa cha Chura

Aghalabu somo la kinga ya mwili katika madarasa ya juu ya shule za msingi hufundishwa kwa kusema kwamba ngozi ni ukuta uzuiao vijidudu, na somo huishia hapo. Maelezo hayo si ya uongo, bali yamepungukiwa, maana ngozi huviua vijidudu pia. Ili jambo hili liwaingie watoto, twapendekeza mwalimu atumie kisa kifuatacho.

Katika miaka ya 1980, Dakta Michael Zasloff wa Taasisi za Taifa za Afya, Marekani, alikuwa akitumia katika utafiti wake mayai ya chura mwenye kucha, ambaye asili yake ni kusini mwa Afrika. Vyura hao walipasuliwa tumbo, wakashonwa, kisha wakarudishwa katika maji yasiyo safi. Hata hivyo majeraha yao yalipona bila kutunga usaha. Hapa mwalimu anyamaze kidogo, awaulize wanafunzi: kwa nini? Awape nafasi ya kubuni majibu, hata yaliyo mabaya, wala asiharakishe kuwasahihisha. Kwetu sisi hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika kipindi.

Mwaka 1987 Zasloff alitangaza jibu lake. Ngozi ya chura huyo hutoa peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, kila kimoja kikiwa na asidi za amino 23. Aliziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Peptidi hizo zina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi. Kwa hiyo huvutwa kwenye utando huo, huutoboa, na bakteria hufa. Ngozi ya binadamu nayo hutengeneza peptidi za namna hiyo.

Je, dawa ilipatikana? Marhamu ya peksiganani, iliyoundwa kwa kuiga magainini, ilijaribiwa kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 Marekani ilikataa kuiidhinisha, na majaribio mengine yakashindwa mwaka 2016. Mwalimu asiufiche mwisho huo. Aeleze pia kwamba basitrasini na polimiksini, ambazo ni peptidi zitokanazo na bakteria, zimo katika marhamu za vidonda hadi leo.

Hapana budi patatokea mtoto atakayetaka kumsugua chura kidondani. Akatazwe waziwazi: ngozi ya chura hubeba vijidudu pia, na vyura wengine wana sumu. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha mtoto apelekwe zahanati.