Mwale Hauondokei Pale Ulipogonga

Sheria ya kioo tunayofundishwa shuleni ni fupi: mwale unaogonga uso laini huakisiwa kwa pembe ileile uliyojia, na huondokea palepale ulipogonga. Nusu ya kwanza inatosha kwa kazi nyingi. Nusu ya pili si kweli. Mwale halisi huondoka kando kidogo ya pale ulipofikia, na umbali huo hutegemea, pamoja na mambo mengine, jinsi mwanga wenyewe unavyotetema na kitu kilichouakisi. Kwetu Lubumbashi habari hii inatuhusu kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani, maana miongoni mwa vitu vinavyotumika katika uchunguzi wa namna hii vimo vinavyotoka katika ardhi tunayoikanyaga.

Tuanze na kutetema. Mwanga ni wimbi, na mtetemo wake hukingama na njia unayoifuata. Mwanga wa jua hutetema pande zote kwa mchanganyiko. Mwanga uliopolarishwa hutetema kwa mpango mmoja. Mtu aliyesimama barabarani katika mtaa wetu wa Makomeno mvua ikishakatika, jua likiwa limeinama juu ya lami iliyolowa, anaweza kulishuhudia jambo hili bila maabara. Akivaa miwani ya polaroidi, mng'ao wa barabara unapungua sana. Akiivua na kuizungusha robo mzunguko mbele ya jicho, mng'ao unarudi. Sababu ni kwamba maji huakisi zaidi mwanga unaotetema kwa ulalo, na kwenye pembe ya nyuzi 53 hivi kutoka wima, mwanga unaotetema kwa mpango unaokingama na huo hauakisiwi kabisa. Wote unazama majini. Ipo pia aina nyingine, ambayo mtetemo wake huzunguka kama skrubu, wa kulia au wa kushoto, kadiri mwale unavyosonga mbele.

Sasa mwale uteleze. Fikiria mpira wa miguu unaogonga tope kwa mshazari. Haurukii palepale: huzama kidogo, huteleza, kisha huchomoka mbele ya pale ulipotua. Na kama umepigwa kwa kuzungushwa, huchomoka pembeni pia, upande unaotokana na mzunguko wake. Mwanga hufanya yote mawili, ingawa sababu zake ni za mawimbi wala si za mpira. Mwale hata uwe mwembamba namna gani ni fungu la mawimbi mengi yenye pembe zinazotofautiana kidogo sana. Uso unaoakisi hulichelewesha kila wimbi kwa kiasi chake. Mawimbi hayo yanapokutana tena baada ya kuakisiwa, mahali yanapoimarishana pamesogea.

Waliolipima jambo hili kwanza ni Fritz Goos na Hilda Hänchen, huko Hamburg, Ujerumani, na taarifa yao ilitoka mwaka 1947. Walitumia uakisi kamili wa ndani, yaani hali ya mwanga ulio ndani ya kioo kushindwa kutoka kwa sababu umefika ukingoni kwa pembe kubwa kupita kikomo. Msogeo waliokuwa wakiutafuta ulikaribia urefu wa wimbi moja tu. Kwa mwanga wa kijani, urefu huo ni nusu ya mikromita, chini ya sehemu moja ya mia ya unene wa unywele. Werevu wao ndio ninaoustahi zaidi ya yote. Waliuacha mwale uakisiwe mara nyingi ndani ya bamba la kioo ili misogeo midogo ijumlike. Tena sehemu ya bamba wakaipaka fedha, ili mwale ulioakisiwa na fedha uwe kipimo cha kulinganishia ule ulioakisiwa na ukingo mtupu wa kioo. Bila kitu cha kulinganishia, huwezi kusema mwale umesogea, kwa kuwa hujui ungepaswa kuwa wapi. Mwaka 1949 walionyesha kwamba msogeo hubadilika mtetemo unapobadilika. Ndiyo maana watafiti wa leo mara nyingi hubadilisha upolarishaji tu na kupima tofauti kati ya mahali pawili.

Msogeo wa pembeni ulitabiriwa na Fyodor Fedorov mwaka 1955, na Mfaransa Christian Imbert akauonyesha kwa majaribio mwaka 1972. Huu unauhusu mwanga wenye mtetemo wa skrubu. Mwanga huo hubeba kiasi fulani cha mzunguko, na maumbile hayaruhusu kiasi hicho kipotee. Njia ya mwale inapogeuzwa na uso, hesabu ya mzunguko hulingana tu iwapo mwale wenyewe utasogea pembeni: wa kulia upande huu, wa kushoto upande ule. Mwaka 2008 Onur Hosten na Paul Kwiat wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipima mgawanyiko wa jamii hiyohiyo katika mwanga uliopita kutoka hewani kwenda kwenye kioo. Waliweka vichujio viwili vya upolarishaji vinavyokaribia kuzuiana kabisa. Karibu mwanga wote ukatupwa, lakini katika kidogo kilichopenya msogeo ulikuzwa takriban mara 10,000, wakaweza kutambua umbali wa angstromu moja, ambayo ni sehemu ya kumi ya nanomita. Huo ni ukubwa wa atomu.

Kwa usahihi wa namna hiyo, swali linageuka. Badala ya kuuliza kioo kimeufanya nini mwale, tunauliza mwale unatuambia nini juu ya kitu kilichouakisi. Mwaka 2012 watafiti wa China waliutumia mgawanyiko huu kuhesabu tabaka za grafini, kaboni yenye unene wa atomu moja. Utando mwembamba wa metali juu ya kioo nao, ukiangaziwa kwa pembe inayoamsha mawimbi ya elektroni usoni mwake, umewahi kuusogeza mwale kiasi cha urefu wa mawimbi 50. Badiliko dogo juu ya utando huo, kama kemikali iliyonata, hubadilisha msogeo.

Hapa Katanga, eneo letu la Lubumbashi, inaingia. Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, ndiko ilikotambuliwa renieriti, madini yenye gerimaniamu yaliyopewa jina la mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier mwaka 1948. Gerimaniamu imo pia katika terili ya Lubumbashi, ule mlima mweusi wa taka za tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. STL, kampuni tanzu ya shirika la madini la Gécamines, inazichakata taka hizo. Mwaka 2024 iliingia ushirikiano na kampuni ya Umicore ya Ubelgiji, na mwaka huohuo makinikia ya gerimaniamu yakaanza kusafirishwa.

Kwa jicho letu gerimaniamu ni kijivu na haipitishi mwanga. Kwa mwanga wa infraredi, kuanzia mikromita 2 hadi 14 hivi, inapenyeka kama kioo cha dirisha. Tena huupinda mwanga kwa nguvu sana, hata uakisi kamili wa ndani huanza kwenye nyuzi 14.5 tu, wakati kioo cha kawaida hungoja nyuzi 42 hivi. Zaidi ya hayo, wimbi la infraredi la mikromita 10 ni refu mara 20 kuliko la kijani, na msogeo hukua pamoja na urefu wa wimbi. Kipande cha gerimaniamu kilichosuguliwa vizuri ni mahali pazuri mno pa kuutazama mwale ukiteleza.

Kobalti ya Katanga nayo imo katika habari hii. Fuwele ya kobalti, bati na salfa, Co3Sn2S2, ilitambuliwa kuanzia mwaka 2018 kuwa nusumetali ya Weyl yenye usumaku: ndani yake elektroni hujiendesha kana kwamba hazina uzito, zikiwa jozi za mkono wa kulia na wa kushoto. Nadharia zinatabiri kwamba nusumetali za Weyl huusogeza mwale kwa kiasi kinachofichua mpangilio wa jozi hizo. Ningependa kuona utabiri huo ukipimwa na vijana wa eneo linalochimba kobalti hiyo.

Walimu wa fizikia wa Lubumbashi, kuanzia sekondari hadi Chuo Kikuu, nawasihi: mnapoandika sheria ya kioo ubaoni, iandikeni pamoja na sahihisho lake. Na kwa wale wenye maabara, leza ndogo, prizimu ya kioo, vichujio viwili vya upolarishaji na kigunduzi kinachosoma mahali mwale ulipotua vinatosha kuanza kuupima msogeo wa Goos na Hänchen.